Nilivyotangaza Msiba wa Birika la Tandika

Leo nimeaibishwa na mbuzi. Naandika nikiwa nimejifunga kanga ya mama kwa sababu suruali iko kwenye kamba, inachuruzika povu.

Mnajua nina shahada ya historia, na mwaka mzima natafuta kazi. Juzi sista mmoja, Neema, mwenye kampuni ndogo ya kutembeza wageni mitaani, akaniita Tandika leo saa tatu asubuhi anijaribu. Niwaeleze wageni kitu kimoja tu: lile birika la mawe la enzi za mkoloni, lililojengwa ili punda na ng'ombe wa mikokoteni wapate pa kunywea maji. Nikieleza vizuri, kazi yangu.

Kitu kimoja tu! Mtu wa kawaida angelala. Mie niliandika kurasa tano.

Saa kumi na mbili asubuhi nilishafika (kukagua tu). Nikakuta birika limejaa maji pomoni. Nikaanza kuwaza. Maji yametuama. Yana mbu. Mgeni ataumwa, atapata malaria, atasema ameipatia kwenye maelezo yangu. Nikachomoa kitambaa kilichoziba tundu la chini, maji yote yakaenda zake. Nikanunua sabuni ya unga dukani, nikasugua mpaka mawe yakang'aa, kisha nikarudisha kitambaa na kumimina ndoo moja ya maji ya kupendezesha. (Kitambaa kilikuwa kimefungwa fundo safi kabisa. Mwenye akili angejiuliza nani alikifunga. Mie nilijiuliza mengine yote.)

Muuza mkaa akapita na baiskeli, akasimama.

"Unaliosha?"

"Ndiyo, braza."

"Haya."

Akaondoka. Hiyo "haya" niliitafakari dakika kumi. Nikaamua ilikuwa pongezi.

Saa tatu Neema akaja na wageni wanne, walimu kutoka Segerea. Nyumba ya pili kutoka kwenye birika alikuwepo bibi mmoja amekaa barazani. Nikamwamkia, akaitikia, akatuangalia. Nikaanza.

Kurasa mbili zilikwenda vizuri ajabu. Sauti haikutetemeka. Neema akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikafika sehemu niliyoipenda kuliko zote.

"Ndugu wageni, ni miaka mingi sasa hakuna mnyama aliyekunywa hapa. Birika hili limekufa."

Nikanyamaza kidogo, walimu wahuzunike. Katika ukimya ule tukasikia, "Meee!"

Mbuzi kama thelathini wakatokea uchochoroni, nyuma yao mtu mzima mwenye fimbo. Hawakupunguza mwendo. Wengine wakanipita kulia, wengine kushoto, na beberu mmoja akapita katikati ya miguu yangu. Nikakaa. Nikakaa ndani ya birika.

Mbuzi wakanusa maji, wakapiga chafya. Beberu akainua kichwa, ndevu zimejaa povu, akanitazama kama mkaguzi.

"Nani kamwaga maji ya Bi Saada?" mwenye mbuzi akauliza.

Nilikuwa peke yangu ndani ya birika. Hakukuwa na wa kumsingizia.

Yule bibi wa barazani akaja taratibu. Kumbe kila Ijumaa kama leo, baada ya alfajiri, yeye hujaza birika lile ndoo kwa ndoo, sadaka kwa marehemu mumewe aliyekuwa akiendesha mkokoteni wa punda mitaa hii. Mbuzi wanaotoka mnadani hupita kunywa.

"Nisamehe, bibi," nikasema. "Nilidhani limekufa."

"Birika halijafa, mjukuu wangu. Aliyekufa ni mume wangu."

Walimu walijitahidi sana. Mmoja akageukia ukutani, mabega yanacheka.

Nikatoka, nikachukua ndoo. Nikasuuza, nikamwaga, nikasuuza tena, nikajaza. Huku nyuma Bi Saada amepewa kiti, anasimulia punda wa mumewe aliyekuwa hanywi mpaka akunwe sikio, na siku alipogoma kuondoka hapo hadi adhuhuri na magunia ya watu mkokotenini. Walimu wakawa wanaandika. Mie walikuwa hawajaniandika hata mstari.

"Bibi, kesho una nafasi?" Neema akamuuliza.

"Nafasi ninayo. Miguu ya kuzunguka ndiyo sina."

"Utakaa hapohapo. Wageni nitawaleta mie."

Kisha akanigeukia. Nikasimama wima.

"Na wewe, kabla hujaondoka, ongeza ndoo mbili. Wale wa nyuma hawajanywa."

Nikaongeza.

Kwa hiyo kazi imepatikana, mpongezeni Bi Saada. Nilichojifunza: kabla hujatangaza msiba, uliza majirani. Na asiye na kazi ya kunipa, tafadhali asicheke.