Baba Yetu Alizamisha: Malalamiko Kuhusu Utepe wa Tatu

Ndugu Mkurugenzi wa Makumbusho ya Jeshi la Majini,

Nakuandikia nikiwa mzima wa afya ingawa si mzima wa heshima, kwa sababu heshima yangu mmeifungia ndani ya kabati la kioo, ghorofa ya pili, mkono wa kushoto ukitoka msalani. Mimi ni kinyozi. Ni mtoto wa kwanza wa marehemu baharia mwenye lile koti jeusi la sare lenye tepe tatu za nishani kifuani. Koti tuliwaletea wenyewe, kwa hiari yetu, likiwa limepigwa pasi. Mlitangaza kwamba kila familia yenye sare ya zamani ya jeshi la majini iilete, na mtaalamu wenu atazitambua tepe na kuandika kila mmoja ulitolewa kwa ajili ya nini, bure. Hilo neno "bure" ndilo lililotuponza.

Kwanza ujue tulivyokuwa kabla yenu. Nyumbani kwetu hapakuwa na mtu mwenye shaka kuhusu utepe wa tatu. Wa kwanza na wa pili tuliziona kama tepe za kujazia kifua tu. Wa tatu ndio uliokuwa utepe. Ulikuwa wa kijivu, rangi ya moshi wa mizinga, na katikati umepita mstari mwembamba mwekundu ambao hata mtoto wa chekechea angekwambia ni damu ya adui. Baba alizamisha meli. Ni kweli hakuwahi kulisema kwa mdomo wake. Lakini tulipokuwa wadogo tulizoea kumuuliza mezani, "Baba, uliizamisha kwa mzinga au kwa bomu la majini?" Alikuwa akiitazama sahani yake, halafu anasema, "Nipeni maji." Mtu ambaye hakuzamisha angekana, Ndugu Mkurugenzi. Yeye alikunywa maji.

Malalamiko yangu nayapa namba ili usije ukaruka hata moja.

1. Kuhusu jinsi utambuzi ulivyofanyika. Nilikuja na mama yetu mzazi, dada yangu, na mume wa dada yangu. Huyu shemeji nilimchukua makusudi awe shahidi, maana marehemu baba yake alikuwa mpishi katika manowari hiyohiyo aliyotumikia baba, na kwa miaka mingi nimekuwa nikimkumbusha, kwa upole, tofauti iliyopo kati ya kuzamisha meli na kumenya viazi. Mtaalamu wenu ni binti mwenye miwani machoni na miwani nyingine kichwani. Alililaza koti mezani, akavaa glavu nyeupe kama anayetaka kulipasua, akainama na kioo cha kukuzia. Utepe wa kwanza, akasema, ni wa utumishi wa muda mrefu. Wa pili ni wa tabia njema. Tukaitikia kwa adabu. Alipofika kwenye wa tatu nikaona nimsaidie.

"Huo ni wa vita, binti yangu. Wewe andika tu."

Hakuandika. Alichomoa pini, akaubandua utepe kutoka kwenye koti, akaugeuza.

Kwa nyuma ulikuwa bluu. Bluu ya anga! Bluu ya kupaka chumba cha mtoto mchanga!

"Mzee wangu," akaniambia, tena kwa sauti ya kunionea huruma, "huu haukuwahi kuwa wa kijivu. Upande wa mbele umechujuka kwa jua. Rangi yake halisi ndiyo hii ya nyuma. Ni utepe wa nishani ya kuokoa maisha baharini."

"Maisha ya nani?"

"Ya watu waliokuwa wanazama."

Shemeji akakohoa. Nakijua kikohozi chake cha mafua, na hicho hakikuwa chenyewe.

Naomba kuuliza: ni nani aliyemruhusu augeuze? Sisi tumeuangalia utepe huo kwa mbele maisha yetu yote na haukuwa na tatizo lolote. Kila kitu kina nyuma yake. Ustaarabu ni kutokwenda kuchungulia.

2. Kuhusu "tabia njema". Utepe huu naomba uondolewe kabisa, si kwa faida yangu bali ya makumbusho, kwa sababu unawavunjia uaminifu. Nilimpenda baba yangu, lakini mtaa mzima ni shahidi. Ni yeye aliyefungiwa kwenye stoo ya minyororo ya nanga kwa kumwita nahodha "shemeji" mbele ya wageni rasmi, na alipotakiwa aombe radhi akauliza dada wa nahodha hajambo. Nilipomweleza mtaalamu wenu, alijibu kwamba hilo lilihesabiwa kosa dogo, na kwamba utepe huo alipewa baharia ambaye hakukamatwa na kosa kubwa. Basi andikeni hivyo: "Hakukamatwa." Hapo hata mama atakubali.

3. Kuhusu riziki yangu. Kibanda changu kinaitwa Mzinga Kinyozi. Ukutani, juu ya vioo, kuna picha kubwa: manowari inatema moto, meli ya adui imeinua mkia juu, na vichwa vya watu vinaelea huku na huku. Zamani mteja aliketi chini ya picha hiyo ametulia tuli, anaheshimu wembe na ukoo ulioushika. Kisha fundi viatu wa jirani, ambaye tunamwita Redio kwa sababu hazimiki, akaja kwenu siku ya kiingilio cha bure, akasoma maelezo yenu, akarudi akitangaza kuanzia kona ya barabara. Sasa wateja wanacheza na vichwa vyao mikononi mwangu kama mipira. Mmoja nilipomkwaruza sikio kidogo alipiga ukelele, "Niokoe, kama baba yako!" na kibanda kizima kikaangua kicheko, pamoja na mtu niliyekuwa sijamaliza kumnyoa upande wa pili. Mchoraji wa mabango ameshanijia na kopo la rangi. Anasema kwa kazi ndogo tu anaweza kuongeza kamba na mikono, ili vichwa vile vionekane vinavutwa. Nilimfukuza. Asubuhi ya leo nimekuta mtu ameshachora boya.

4. Kuhusu cheo changu. Nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya ulinzi ya mtaa. Sikugombea, watu waliona damu ya mizinga wakanipa. Baada ya maelezo yenu wajumbe walikutana bila mimi, wakanihamishia huduma ya kwanza. Wamenikabidhi sanduku la bandeji na mkasi butu. Nimeshafunga kidole cha mtoto mmoja, na mama yake akanishukuru mbele za watu. Ndugu Mkurugenzi, zamani watoto hao walikuwa wakinikimbia.

5. Kuhusu shemeji. Zamani katika vikao vya familia alikuwa akisema "mimi nakubaliana na kaka", kisha anamalizia chai yake. Sasa ana hoja. Nyuma ya mgongo wangu alirudi kwa mtaalamu wenu na maswali yasiyomhusu, akagundua kwamba waliookolewa walipandishwa manowarini wakitetemeka kwa baridi, wakapelekwa jikoni wakapewa supu ya moto. Supu aliipika nani? Baba yake. Kwa hiyo sasa anadai kuwa wokovu ule ulikuwa na sehemu mbili, ya kamba na ya supu, na kwamba mtu aliyetolewa majini bila supu bado ni maiti inayosubiri. Anataka mwiko wa marehemu baba yake uwekwe kwenye kabati, kando ya koti letu. Dada yangu anamuunga mkono! Mwiko ameshausugua.

6. Kuhusu binti yangu. Huyu tulikubaliana asomee sheria. Amejiandikisha kwenye bwawa la kuogelea, darasa la kuokoa watu wanaozama. Anarudi nyumbani nywele zinachuruzika, anaulaza mto wa kochi chini, anaukandamiza kifua na kuupulizia hewa huku wageni wamekaa wanamtazama. Nikimkemea ananijibu, "Baba, hii ni damu ya babu." Damu ya babu yake ilikuwa ya kuzamisha, na kama si nyinyi angeendelea kuijua hivyo hadi chuo kikuu.

7. Kuhusu mantiki, ambayo naona makumbusho yenu yameikalia. Mtu haokolewi majini bila kwanza kuwa majini. Ni nani aliyewatia? Nilirudi kwa mtaalamu wenu nikamuuliza kistaarabu: je, haiwezekani baba aliizamisha ile meli kwanza, halafu, kwa hiyo tabia njema mliyoiandika wenyewe, akaanza kuwatoa mmoja mmoja? Alikubali kwamba ni swali zuri. Kisha akanimaliza. Akasema meli ile haikuwa ya adui. Ilikuwa meli ya mizigo, iligonga mwamba wakati wa dhoruba, na ilikuwa ya nchi ambayo sisi hatukuwahi kugombana nayo hata kwa kuazimana kiberiti.

"Ilibeba silaha?" nikauliza, tumaini langu la mwisho.

"Vitunguu," akasema.

Vitunguu, Ndugu Mkurugenzi. Nimenyoa vichwa vya watu maisha yangu yote chini ya picha ya vita vya vitunguu.

Kwa hayo yote, maombi yangu ni madogo. Utepe urudishwe ulivyokuwa, kijivu mbele. Kama mmeshaugeuza na kuushona, uwekwe dirishani, mliache jua lifanye kazi yake. Ikishindikana hilo, basi mamlaka zinazohusika zitangaze kwamba wakati ule tulikuwa vitani na nchi ya vitunguu. Sidai vita vikubwa. Vita vya siku chache vinatosha, na hakuna haja ya kuwasumbua wa upande wa pili kwa kuwajulisha. Ikishindikana na hilo, waliookolewa, au watoto wao, waandike tamko kwamba walizama kikamilifu kabla ya kuokolewa. Sisemi warudishwe majini. Sisi si watu wakatili, na nikilitazama vizuri naona matatizo yetu yote yalianzia hapo.

La mwisho, lisilo na namba kwa sababu ni zito. Mama yetu, mjane wa marehemu, hajasema neno kuhusu jambo hili tangu utepe ule ugeuzwe. Tunagombana sebuleni, yeye anachambua mchele. Nikimuuliza, "Mama, si alizamisha?" ananitazama tu, halafu anarudi kwenye sinia lake. Huo ni ukimya wa mtu aliyejeruhiwa na maelezo ya makumbusho. Naandika kwa ajili yake kuliko kwa ajili yangu, naye ndiye atakayekuletea barua hii mkononi, kwa kuwa mimi nikikanyaga hapo mlinzi wenu anaanza kunipungia kama mtu aliye kwenye boti.

Nisalimie wahasibu, wafagizi, yule mama wa tiketi anayetinda nyusi vizuri, na huyo mlinzi pia, aache kupunga. Mtaalamu wa tepe naye msalimie, ila kidogo.

Wako katika kusubiri marekebisho, na kwa heshima kiasi nilichobakiwa nacho,

Kinyozi, mtoto wa kwanza wa aliyezamisha.

Tanbihi:

Mkurugenzi mwanangu, hii tanbihi mwenye barua haijui. Ni mimi mama yake. Nimekaa kwenye benchi lenu la mlangoni na kalamu nimemwazima mlinzi.

Mume wangu hakuzamisha kitu. Alinieleza mara moja tu, aliporudi, koti lile likinuka vitunguu mpaka nikalianika uani siku nyingi. Aliruka majini amefungwa kamba kiunoni akatoa watu sita. Wa saba alikuwa kijana wa umri wa huyu mjukuu wangu wa bwawani. Alimshika mkono, mkono ukateleza. Wale sita sikumsikia akiwataja tena. Alibaki na huyo mmoja.

Watoto walipoanza kumsumbua mezani na habari za mizinga, nilimwambia tukiwa wawili, "Baba watoto, waambie basi." Akaniambia, "Niwaambie nini? Wanauliza kama nilizamisha. Yule nilimzamisha." Nikamwambia hukumzamisha wewe, ni bahari. Akasema bahari haikuwa na mkono. Ubishi huo tuliuanza tukiwa vijana, tukaendelea nao mpaka amekufa, na hakuna aliyemshinda mwenzake.

Sasa nyinyi mmeandika kwa herufi kubwa, nyinyi ambao si mke wake: KUOKOA MAISHA. Nakuja hapa kila Jumanne, napanda ngazi zenu polepole, namsomea. Hajanijibu, na yeye akikosa jibu ujue amekaribia kukubali.

Kwa hiyo haya malalamiko yaweke mahali, usimjibu mwanangu kwa haraka, itamfaa kunyoa bila mizinga kwa muda. Mwiko wa mpishi upokeeni, ile supu ilikuwa nzuri. Maelezo msiguse hata neno.

Ila kola ya koti mmeikunja vibaya. Alikuwa hapendi ikibana shingo. Wiki ijayo nifungulieni kabati nimweke sawa.