Kocha Aliyeangushwa na Salamu

Leo nimeaibika mchana kweupe, tena mbele ya mamangu.

Mnajua nilicheza hoki ya barafu miaka kumi na miwili, hadi goti likakataa. (Goti lina akili kunishinda.) Sasa mimi ni kocha wa wasichana hapa mjini Fridley. Mama ni nesi, na hajawahi kukubali kwamba hii ni kazi. Akiulizwa kanisani, husema niko "mambo ya michezo", kisha huuliza habari za watoto wa wenzake. Kwa hiyo alipokubali kuja kuniona nikifundisha, sikupata usingizi.

Mazoezi yalianza vizuri. Nilikuwa nawafokea wasichana kuhusu umakini. Mara Mama akaingia na wenzake wanne wa kanisani, makoti hadi magotini. Sasa akina mama wakisimama mlangoni, utawapungia mkono kutoka mbali? Sikulelewa hivyo. Nikatoka kwenye barafu, nikayavisha makali ya viatu vyangu vya kuteleza vifuniko vyake vya plastiki yasiharibike sakafuni, nikawasalimu mmoja mmoja. Habari za nyumbani, za kazini, za yule aliyefanyiwa upasuaji. Nikamiminiwa chai ya thermosi, nikainywa yote.

Wasichana kumi na sita wananingoja. Nikapuliza kipenga, nikaruka ndani kwa madaha ili Mama aone.

Vifuniko sikuvitoa.

Kwa asiyejua: plastiki juu ya barafu haishiki kitu. Miguu ilienda mji wa jirani, Saint Paul, mimi nikabaki Fridley. Nikatua kwa makalio, jamani! Nikateleza hivyo hivyo hadi katikati ya uwanja, kipenga kikilia chenyewe mdomoni.

Kabla sijainuka, Mama alishafika. Na buti zake za theluji, hata hakuteleza. Akanimulika machoni kwa tochi ya simu, kupima kama ubongo umetikisika.

"Leo ni siku gani?"

"Mama, niko sawa. Wasichana wanaangalia."

"Nimekuuliza siku."

"Jumamosi."

Akanishika mkono, akanitoa polepole kama mgonjwa wake wa wodini. (Mimi! Bingwa wa zamani!) Mmoja wa wale akina mama akauliza kama nimeumia. Mama akamjibu kwa sauti ya kusikika uwanja mzima:

"Hajaumia. Hiyo ndiyo kazi yake."

Miaka yote hii nimemwomba aiite kazi. Leo ameiita, nami sina pa kuuficha uso.