Stika ya Kiti cha Mtoto

Jumatatu, 4 Machi

Barua nyingine ya kiwanda! Ya tatu tangu Krismasi. Ya kwanza ilisema kitabu cha maelekezo kimekosa mchoro mmoja, ukurasa wa thelathini na moja. Ya pili ilisema kitufe chekundu cha mkanda kimeelekea rangi ya chungwa. Na ya leo? Herufi za stika iliyo ubavuni mwa kiti ni ndogo kuliko sheria inavyotaka. Kwa nusu milimita! Kiti chenyewe hakina neno, wanasema. Stika mpya itafika baada ya wiki nane.

Wiki nane! Mke wangu Maren anajifungua wiki ijayo. Hospitali hapa Duluth hawakupi mtoto wako mpaka nesi akague kiti cha gari na kuingiza namba yake kwenye kompyuta. Kikiwa kwenye orodha ya viti vilivyoitwa na kiwanda kwa kasoro yoyote, mtoto hakai humo.

Verlyn, kaka yake Maren, kashajitolea. Ana kiti cha ziada, kimekaguliwa mara mbili. Kanipigia simu kuniambia nisihangaike, yeye yupo. Yupo! Hata siku ya harusi yetu alikuwepo. Gari langu liligoma kwenye theluji, akatubeba kwa pikapu lake, nami nikapakata mabuti yake ya kuvulia samaki hadi kanisani. Anaisimulia kila sikukuu. Safari hii sikubali. Binti yangu nitamleta nyumbani mwenyewe, kwa gari langu.

Jumanne, 5 Machi

Nimepiga simu kiwandani nikiwa nimekaa ndani ya gari, mbele ya nyumba. Sauti ikasema nisubiri. Muziki. Vinanda vingi, polepole. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka ziwani, hata nyumba ya jirani siioni. Nikatazama kwenye kioo, nikakiona kiti kitupu nyuma. Halafu hakikuwa kitupu. Alikuwemo, tena mkubwa tayari, ana kofia ya sufu, ananiuliza meli ile imebeba nini. Nikamwambia chuma. Akauliza inakwenda wapi. Nikamwambia mbali sana. Tukaendelea kwenda, barabara haina mtu, mimi dereva bora kuliko wote duniani.

Nikaamka sikio limewaka moto. Mama wa kiwandani alikuwa anaita halo, halo. Nikamwuliza kama naweza kuzikuza herufi mwenyewe kwa kalamu. Kisha akasema kwa upole kwamba swali hilo analazimika kuliandika mahali. Jina langu kalichukua pia.

Jumatano, 6 Machi

Nimeamka na jibu! Jamani, mbona rahisi? Kasoro iko kwenye stika. Bandua stika, kasoro haipo!

Mchana Maren kalala. Nikachukua mashine yake ya kukaushia nywele, kisu cha siagi na mafuta ya kupikia. Dakika arobaini. Imetoka nzima, bila kuacha alama. Nikaitupa ndani ya jiko la kuni ili ushahidi upotee. Ikaungua na kamoshi ka kijani. Nikasimama pale nikiitazama, moyo mweupe, nikamwona Verlyn akilini akifunga pikapu lake na kwenda zake.

Maren kaamka, kauliza kinachonuka plastiki ni nini. Nikamwambia majirani.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekipeleka kiti kituo cha zimamoto kikaguliwe, nipate karatasi yenye sahihi ya kuwaonyesha manesi. Mkaguzi ni Bi Twyla, mwanamke wa miraba minne. Alipanda ndani ya gari, akaweka goti kwenye kiti, akavuta mkanda mpaka gari likayumba. Hakuna kilichocheza. Akasema nimefunga vizuri sana. Nilitaka kumkumbatia!

Kisha akauliza stika iko wapi.

Kumbe namba ya kiti, tarehe ya kutengenezwa, kila kitu kilikuwa kwenye ile stika. Bi Twyla akasema bila hiyo hajui hiki kiti kina mwaka mmoja au ishirini, wala kama kimeshapata ajali. Hawezi kutia sahihi. "Kwangu mimi hiki ni kiti cha paka, bwana. Mpeleke paka wako popote utakapo."

Wazimamoto wakacheka. Na nani alikuwa katikati yao, anagawa donati? Verlyn! Kumbe hujitolea pale kila Alhamisi. Alinipa donati tu. Nikaila, kwa hasira.

Kufika nyumbani, Maren anajua kila kitu, kaka yake kashampigia. Kasema yeye hana nguvu za kugombana, na hata mgongo unamuuma. Kanitazama muda mrefu, akaomba supu.

Ijumaa, 8 Machi

Kumbe mgongo haukuwa mgongo. Tumefika hospitali saa moja asubuhi, theluji inaanguka taratibu, na gari langu halikugoma! Hakuna aliyelisifia.

Saa sita mchana kazaliwa. Signe. Kilo tatu na kitu. Ana nywele nyeusi, sijui katoa wapi. Walinipa nimshike, nikaogopa kuvuta pumzi. Nimelia mbele ya watu wote. Nilikaa naye dirishani, theluji ikiendelea nje, sikuwaza stika wala Verlyn. Kama saa nzima hivi.

Kisha nikawaza tena.

Jumamosi, 9 Machi

Kesho tunaruhusiwa. Nimerudi nyumbani kuchukua nguo, na mezani nikaiona ile barua ya kiwanda. Imejaa namba za viti! Mbinu ikaja yenyewe. Nimechagua namba moja, nikaichapa kwenye karatasi yenye gundi. Tarehe nimeweka ya mwaka jana. Herufi nimezikuza, nusu milimita juu, sheria isilalamike. Nimeibandika palepale pa zamani. Inapendeza kuliko ile ya kiwanda!

Verlyn kaleta bakuli la viazi na nyama ya kusaga vilivyookwa, akauliza kesho aje saa ngapi. Nikamwambia abaki nyumbani apumzike, shemeji yangu mpendwa.

Jumapili, 10 Machi

Wacha niandike upesi.

Nesi Odette alimsukuma Maren kwenye kiti cha magurudumu hadi mlangoni, Signe mapajani. Mimi nikasogeza gari. Nesi akainama, akagusa stika, wino ukabaki kwenye kidole gumba chake. Akakitazama kidole. Akaniomba nisimame hapo hapo. Akaingiza namba kwenye kompyuta yake ndogo.

Ile barua! Namba zilizomo ndizo namba za viti vilivyoitwa. Zote! Kwa mkono wangu mwenyewe nimekirudisha kiti kwenye orodha.

Nilianza kueleza. Nusu milimita, vinanda, wiki nane. Maren akanikatiza, sauti yake ndogo kabisa. Kasema hatafuti dereva bora, anataka mtoto afike. Sijawahi kujiona mdogo namna ile.

Verlyn alikuwa ameegesha ng'ambo. Tangu saa mbili; Maren ndiye aliyemwambia aje. Akaja na kiti chake, akakifunga kwenye gari langu, akanifungulia mlango wa nyuma. Nikakaa pembeni ya Signe. Akashika kidole changu kwa mkono wake wote. Verlyn akaendesha polepole mno, magari yakatupita hata ya vikongwe. Dirishani weupe mtupu, ziwa na mbingu kitu kimoja. Sikumbuki tulipita wapi. Najua hakukiachia kidole, nami sikutaka tufike.

Nyumbani nikamshukuru Verlyn. Kwa kweli, kutoka moyoni. Akasema, "Ah, shem, mambo madogo." Nikaapa kimoyomoyo: ujanja basi!

Jumatatu, 11 Machi

Nimenunua kiti kipya. Bi Twyla kakikagua, katia sahihi, kauliza hali ya paka.

Ndani ya boksi kuna kadi ya kujaza jina na anwani, ili kiwanda kikuandikie kasoro yoyote ikionekana. Maren kanisisitizia niijaze leo leo, kwa ajili ya Signe. Nikakaa nayo mezani, kalamu mkononi. Jua linaingia jikoni, mtoto anakoroma kidogo. Nikaziona barua zote za miaka inayokuja, zikishuka kama theluji. Vitufe. Michoro. Vinanda sikioni.

Halafu mwanga ukaniingia. Mtu wa kuaminika kuliko wote ni nani? Nani hufungua barua zake siku hiyo hiyo?

Nimejaza jina la Verlyn na anwani ya Verlyn, kwa mwandiko mzuri. Nikaitia kwenye sanduku letu la barua, nikainua kibendera cha kumwita mtu wa posta, naye kaichukua saa sita.

Maren kauliza kama kadi imekwenda. Nimemwambia imekwenda, na safari hii sikudanganya hata neno moja.