Uzinduzi wa Kliniki ya Kofia za Meno, Kasoli

(Hotuba ya Bwana Januarius Nyanda, Kaimu Mratibu wa Mradi, mbele ya ghala la pamba lililofungwa utepe mwekundu mlangoni, Jumamosi moja ya Septemba 1997. Watu waliambiwa saa nne asubuhi. Hotuba ilianza saa saba kasoro robo.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati mbaya amepata udhuru na kutuma mwakilishi, ambaye kwa bahati nzuri ni mimi. Ndugu wajumbe wa Kamati ya Muda ya Uratibu wa Afya ya Kinywa, mliofika na mlio njiani. Waheshimiwa viongozi wa dini, mlioomba kwa ufupi, na yule aliyeomba kwa urefu. Banamhala, wazee wetu wa Kasoli, mliokuja na vigoda vyenu kwa kuwa mnatujua. Ndugu wanunuzi binafsi wa pamba, kwa idadi yenu inayoongezeka kila msimu. Walimu, pamoja na wanafunzi mliofutiwa mapumziko ya Jumamosi ili uwanja ujae. Akina mama, akina baba, mabibi na mabwana: mwadila. (Watu: Mwadila.) Nimesema mwadila. (Watu, kwa sauti ileile: Mwadila.) Ahsanteni kwa mwamko huo.

Ndugu wananchi, tumo katika zama za soko huria, ubia na utandawazi, na Kasoli haikubaki nyuma. Zamani mnunuzi wa pamba alikuwa mmoja na hakuwa na haraka. Leo wako saba, kila mmoja na mzani wake na karani wake, na wakulima nao, ambao sitawataja kwa kuwa wamekaa mbele, wamejifunza kuipa pamba uzito kwa maji ya kisima na mchanga wa mtoni. (Kicheko. Watu wa mbele wanatazama miguu yao.) Matokeo yake karani hana budi kuchukua mbegu kutoka kila mzigo na kuivunja kwa jino: ikilia, pamba imekauka, ikibonyea, mzigo unarudi nyumbani. Kwa takwimu za Kamati yangu, karani mmoja huvunja mbegu mia mbili na kumi na nne kwa siku, ukiacha Jumapili, na hivyo jino la mwananchi limegeuka kitendea kazi cha sekta binafsi bila semina elekezi na bila vipuri.

Na hapa ndipo linapoingia suala la kofia. Kofia ya jino, kwa wale ambao hawajabahatika kusafiri nami, ni kile kifuniko cha madini ambacho daktari hulivalisha jino la mtu lililooza au kuvunjika, baada ya kulichonga likabaki kisiki, kisha akakigandisha kwa saruji yake maalumu. Mfano hai tunaye: Mama Klementina Salu, karani wa pamba hapahapa Kasoli, aliyewekewa kofia Mwanza mwaka juzi, akarudi anatabasamu upande mmoja ili tuione. Mama Klementina, simama wakuone. (Klementina anasimama, kiganja shavuni, anakaa.) Kofia hiyo iling'oka mwezi wa sita juu ya mbegu ya pamba ya mtu ambaye leo yupo hapa na hana habari. Mama akaiosha, akaitia katika kikopo cha mafuta ya kujipaka, akataka kupanda gari la Mwanza kesho yake. Ni mimi mwenyewe, kwa kuona mbali, niliyekwenda nyumbani kwake kumwambia asihangaike, kliniki inakuja mlangoni pake. (Makofi ya mtu mmoja. Anatazamwa, anaacha.)

Sasa, kwa nini kofia zinashindwa? Kamati haikukurupuka. Tulikaa siku tisa kwenye wekshopu Mwanza, tukatoka na ripoti ambayo ingekuwa imechapwa kama taipureta ingekuwa na utepe. Katika kofia tulizozifanyia fisibiliti stadi, asilimia sabini na tatu nukta sita zilikuwa zimeng'oka. (Mzee mmoja anauliza zilikuwa kofia ngapi.) Zilikuwa tatu, mzee wangu, lakini hilo ni jambo la kitaalamu. Daktari aliyepewa dakika ishirini kabla ya chai alituambia, nami naliweka katika lugha ya utekelezaji, kwamba kofia yenyewe haiozi, kinachooza ni jino lililo chini yake. Kwamba pale pindoni, kofia inapokutana na fizi, mabaki ya chakula yakikaa bila kupigwa mswaki, uozo huingia polepole kama mchwa chini ya mkeka, na mwenye kofia anaendelea kujisifu. Kwamba saruji nayo huchoka. Kwamba kisiki kikiwa kifupi mno kofia haina pa kushika. Na kwamba kuna watu wanaofungulia soda, wanaokata uzi, wanaotafuna michembe mikavu ya viazi kabla haijaiva na wanaovunja mbegu za pamba, wote kwa jino lilelile walilolihangaikia. Alisema pia kwamba wengine husaga meno usingizini. Nilipomuuliza Mama Klementina kama husaga, alisema analala peke yake na hajui, na dodoso halikuwa na nafasi ya jibu hilo. (Kicheko kirefu. Klementina naye anacheka, kisha anashika shavu.)

Nisiwafiche changamoto. Yuko kijana wa Migato, Shija, fundi baiskeli, ambaye kofia yake ilipong'oka aliirudisha kwa solusheni ya kuzibia mipira. Kwa moyo wa ujasiriamali mimi nilimpongeza, tena kwa barua. Siku ya nne shavu lilikuwa limevimba hadi jicho likafumba, na daktari akakuta ameifungia takataka yote humo ndani. Jino likang'olewa, na barua yangu anayo bado. Kwa hiyo msimamo mpya wa Kamati ni kwamba hakuna gundi wala solusheni. Kofia iking'oka, ioshe, itunze, usitafunie upande ule, na umwone daktari wa meno ndani ya siku chache, maana kisiki kikiachwa wazi huoza au huvunjika, na kikishavunjika hata daktari wa Ulaya hana pa kuvalisha kofia. (Klementina anasimama bila kuitwa.)

(Klementina: "Bwana Mratibu, shikamoo. Mimi nina miezi mitatu sasa. Usiku nalala na chumvi mdomoni. Bosi kanipa ruhusa ya leo tu. Huo mlango unafunguliwa saa ngapi?")

Marahaba, mayu, mama yetu. Swali zuri sana, na linaonyesha jinsi wadau walivyomiliki mradi. Nitalijibu kwa mtiririko. Kuzuia ni bora kuliko kutibu, na katika kuzuia Kamati imepiga hatua ambazo wilaya jirani, sisemi Maswa, wanazionea wivu. Tumeelekeza kwamba mswaki upite pindoni mwa kofia asubuhi na kabla ya kulala. Kwamba mwenye kofia akaangaliwe na daktari kila baada ya miezi sita hata kama haumwi. Na kwamba makarani waache kuvunja mbegu kwa meno na watumie jiwe juu ya jiwe, teknolojia ambayo mimi binafsi niliibuni nikiwa bafuni, japo kuna bibi mmoja anadai ameitumia tangu enzi za mkoloni. Ifikapo mwaka elfu mbili, kila kata itakuwa na kiti cha meno kinachopanda na kushuka, kila kijiji kitakuwa na taa yake ya kumulika kinywa, na umeme utafuata. (Sauti ya nyuma: "Kwanza umeme.") Huo ni mchango, umepokelewa.

Mama Klementina, nakuona umesimama bado. Kaa, mambo mazuri hayataki haraka. (Klementina hakai. Mwanamke aliye kando yake, Apolonia, anasogea mbele hadi kwenye utepe na kuchungulia kwenye ufa wa mlango. Anarudi, anamnong'oneza Klementina. Mnong'ono unapita safu kwa safu.)

Naomba usikivu. Tumalizie kwa kaulimbiu ya mradi. Nikisema kofia imara, mnasema pato imara. Kofia imara! (Watu wachache: Pato.) Mswaki pindoni! (Hakuna aliyeambiwa jibu lake.) Soko huria na meno huria! (Mbuzi mmoja anaitika.) Ahsanteni.

Kabla sijaketi, muungwana hashukuru nusu. Namshukuru Mzee Luhaga, kinyozi wetu, kwa kutuazima kiti chake kile kinachozunguka, ambacho mmekiona pale kando ya mlango kikiwa kimefunikwa shuka jeupe, na ambacho nimeahidi kukirudisha kabla ya saa kumi kwa kuwa Jumamosi ana wateja. Namshukuru Bwana Mifugo wetu, ndugu Josia, kwa kukubali kuvaa koti lake jeupe na kusimama kando ya kiti bila kusema neno, kwa heshima ya taaluma. Nawashukuru wenye ghala kwa kutufungia utepe kwenye mlango wao, na nawaomba radhi kwa kuchelewesha marobota yaliyomo ndani. Na zaidi ya wote namshukuru Mama Klementina, kwani kusubiri kwake kumeuthibitishia ulimwengu kwamba mahitaji yapo. Bila yeye, andiko letu la kuomba fedha za kuanza kufikiria uwezekano wa kliniki lisingekuwa na mfano hai. Wafadhili wamejibu kwamba wakipata nafasi, mwezi wa pili mwakani au wa tatu, watakuja kumpiga picha akiwa mdomo wazi. Kwa hiyo, mayu, Kamati inakuomba uvumilie kidogo, usiende kulitengeneza jino kabla hawajaliona.

(Klementina anajitanda kanga vizuri, anatoa kikopo kwenye pindo la nguo, anakitikisa kidogo sikioni, kofia inalia ndani.)

(Klementina: "Bwana Mratibu, miezi mitatu nilikuamini wewe, kosa ni langu. Hao wageni waambie wapige picha ya mlango. Gari la Mwanza linapita saa nane, na kisiki nilicho nacho sijui kitafika.")

(Anaondoka kuelekea barabarani. Apolonia anamfuata. Kisha wanawake wa safu ya pili, kisha banamhala na vigoda vyao, wanakwenda kumsindikiza.)

Basi wabeja sana, ahsanteni. Wanafunzi, nyie bakini, kuna picha ya pamoja.