Kode ya Dakika Tano

Jumatatu, 4 Novemba

Naanza shajara. Watu wakubwa wote wanaandika shajara, na mimi Venant, mhasibu wa chama cha mamans wa hapa Bukavu wanaouza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, niliyefika Kigali mara mbili na Bujumbura mara moja (kwa basi, lakini kiti cha mbele), sioni sababu ya kukosa.

Diploma ya uhasibu sina. Nilifika mwaka wa nne wa sekondari, halafu maisha yakaniita. Larissa, katibu wetu, anayo. Ameitundika ukutani juu ya meza yake, na kioo chake. Lakini nani aliyewaingiza mamans kwenye programu ya hesabu ya mtandaoni? Mimi. Larissa alitaka tubaki na daftari. Daftari, katika dunia hii!

Sasa jambo kubwa. Wafadhili wamekubali kutupatia congélateur, lile sanduku la barafu, kubwa, la kutumia jua. Liko tayari kwenye depo huko Ibanda. Nimeligusa kwa mkono wangu. Wanangoja ripoti yetu tu, itoke kwenye programu na iwafikie Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Ikichelewa, sanduku linapewa chama kingine. Na kwa mvua hizi sambaza hawakauki, wanaoza kwenye beseni. Mamans arobaini wananiangalia. Nimewaambia ripoti ni kazi ya nusu saa.

Nimefungua programu kwenye mashini, kompyuta yetu ya ofisi. Imeomba kode. Tarakimu sita, zinakuja kwa simu, zinaishi dakika tano, zinakufa. Nimengoja. Nimengoja tena. Hakuna.

Nimekumbuka. Siku ya kujiandikisha niliweka namba yangu ya Rwanda. Mhasibu mwenye namba ya nje anaheshimika. Tena wakati ule ofisi ilikuwa Nguba, kando ya ziwa, ambako rezo, mtandao wa simu, ya Rwanda inavuka maji bila paspoti. Wiki iliyopita tumehamia Kadutu, nyuma ya kilima. Huku haipandi.

Kubadili namba inawezekana, programu inasema. Nithibitishe kwanza kwa kode. Itakayotumwa kwenye namba ya zamani.

Larissa ameuliza kwa nini sikuweka alama kwenye kile kisanduku kinachosema "Nikumbuke kwenye mashini hii". Nimemjibu kwamba mtu wa hesabu hakumbukwi na mashini. Kwani nilisoma nayo darasa moja?

Jumanne, 5 Novemba

Larissa ameleta wazo. Mimi nishuke Nguba na simu, yeye abaki kwenye mashini, nimsomee kode, aiandike. Nimekataa kwa adabu. Yaani Larissa aingie ndani, amalize ripoti yangu, mamans wamwimbie yeye? Hapana.

Mpango wangu: mwendo kasi. Nabonyeza "Tuma kode", natoka mbio, moto, pikipiki ya kukodi, inangoja mlangoni imewashwa, tunashuka Nguba, simu inalia, tunapanda. Dakika tano ni nyingi kwa mtu aliyejipanga.

Safari ya kwanza: kushuka peke yake dakika kumi na moja. Lori la mchanga lilikuwa limelala katikati ya barabara.

Safari ya pili: kode imefika, nimeiandika kiganjani, mvua imeifuta. Hata hivyo ilikuwa imekufa zamani.

Safari ya tatu: mwenye moto ameniuliza kama nina mwanamke Nguba. Nimemwambia ni kode. Akasema ndiyo, wote wanasema vile.

Umeme umekatika saa tisa. Maman Eulalie, mwenyekiti wetu, amepiga simu kuuliza kama ripoti imekwenda. Nimemwambia iko njiani. Si uongo. Mimi mwenyewe nilikuwa njiani siku nzima.

Jumatano, 6 Novemba

Akili imekuja wakati wa kunyoa. Shemeji! Constantin, kaka ya bibi yangu wa ndoa, amekuja kutoka Paris kwa wiki tatu na analala kwa wazazi wao, Nguba, hatua hamsini kutoka ziwani. Nimempelekea ile simu yangu ndogo yenye puce, laini ya simu, ya Rwanda. Kazi yake moja tu: kode ikiingia, anipigie, anisomee. Constantin ni mtu wa Ulaya, nilisema, atafanya kwa usahihi.

Saa nne nimebonyeza. Hata dakika moja haijaisha, Constantin hewani. Sauti safi kabisa. Akasoma mara moja, kwa Kifaransa chake kile cha puani: "Soixante-quatorze, quatre-vingt-douze, seize."

Nimeandika kama nilivyosikia. Sitini. Kumi na nne. Nne. Ishirini. Kumi na mbili. Kumi na sita. Tarakimu kumi na moja! Sehemu ya kuandika inachukua sita tu. Nimeingiza sita za kwanza. Imekataa.

Nimeomba kode nyingine, nikamwambia Constantin asome polepole. Akasoma polepole. Ikawa mbaya zaidi, maana sasa kila kipande kilisimama peke yake. Imekataa. Mara ya tatu nimemuuliza kama amekunywa, saa hizi za asubuhi. Amenitukana kwa Mashi, lugha ya nyumbani, bila lafudhi yoyote ya Paris. Nimeandika nilichoweza. Programu imetangaza kwamba nimekosea mara tatu na imenifungia mlango kwa saa thelathini.

Ndipo Larissa, bila kuinua macho kwenye karatasi zake, akasema: "Papa Venant, ni septante-quatre. Na nonante-deux."

Kumbe! Sisi hapa sabini ni septante na tisini ni nonante, tulivyofundishwa na Wabelgiji, neno moja moja, safi. Watu wa Paris sabini na nne wanaiita sitini-na-kumi-na-nne. Tisini na mbili, wanasema nne-ishirini-kumi-na-mbili! Nchi tajiri vile, yenye mnara wa chuma, imekosa neno la tisini.

Nimemwambia Larissa kwamba nilijua, nilikuwa napima mashini. Amesema aliona.

Constantin amerudisha simu kwa bibi yangu, na ujumbe ambao bibi amekataa kuurudia mbele ya watoto.

Alhamisi, 7 Novemba

Mlango unafunguliwa saa kumi jioni. Basi nina siku nzima ya teknolojia.

Mpango: ikiwa mimi siwezi kuifuata rezo ya Rwanda, rezo initafute. Nimechukua sufuria kubwa ya bibi yangu, waya, na ufito wa mwanzi, nikapanda juu ya mabati ya ofisi. Sufuria imetazama upande wa ziwa. Simu ndani ya sufuria. Mimi nyuma ya sufuria. Majirani chini, wengi, na maoni yao.

Saa tisa na nusu, mstari mmoja wa rezo! Rwanda imeingia Kadutu! Simu ikaanza kulia, ikalia, ikalia. Kode kumi na saba, zote nilizoomba tangu jana nikibisha mlango uliofungwa, na hazikunikuta. Zimekufa zote. Nimezisoma moja moja hata hivyo.

Halafu mvua. Mstari ukaondoka. Sufuria ikaondoka pia, na imempata mbuzi wa jirani, ambaye yuko salama lakini haniamini tena.

Wakati nashuka nimemkuta maman Cibalonza mlangoni. Ni mjane, mkubwa kuliko mamans wote wa chama, anauza tangu kabla sijazaliwa. Beseni kichwani. Sambaza wa jana, hawakukauka, na harufu ilifika kabla yake. Alikuwa anapita tu, alisema, kuuliza kama lile sanduku linakuja kesho, ili ajue kama achukue samaki wa kesho au aache. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Nimemwambia achukue. Halafu nimenunua beseni zima. Nimemdanganya kwamba bibi yangu ana wageni. Nimefika nyumbani bila sufuria, na beseni la samaki waliochoka. Bibi yangu ameangalia beseni, ameniangalia mimi, ameomba Mungu kwa sauti. Tumechagua waliokuwa bado wazima. Walitosha sahani moja. Nimekula kwa heshima.

Kode ya saa kumi nimeisahau.

Ijumaa, 8 Novemba

Saa mbili maman Eulalie ameingia ofisini, kitenge cha sherehe mwilini, kwa sababu ni siku ya sanduku. Nyuma yake maman Cibalonza na beseni tupu. Nimefungua mdomo kusema ripoti iko njiani. Nimemuona maman Cibalonza. Nimefunga mdomo.

Nimesema yote. Namba ya Rwanda, moto, sitini-na-kumi-na-nne, sufuria. Larissa alikuwa anaweza kuongeza maneno. Hakuongeza. Nitamkumbuka kwa hilo.

Maman Eulalie amesikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza: "Kode inafikaka Nguba?"

Nikasema ndiyo, inafika vizuri.

"Na hii mashini, papa Venant, iko na mizizi?"

Nimeiangalia mashini. Ni ndogo, inafungwa kama kitabu, ina mfuko wake wa kubebea kando. Wiki nzima nimekimbia kuileta kode kwenye mashini.

Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo nilipojua wananipenda.

Mvua ilikuwa inaanza. Maman Cibalonza ameifunga mashini ndani ya plastiki mbili, ameilaza ndani ya beseni, ameliweka kichwani, na tumeshuka. Yeye mbele. Sijawahi kuona hesabu zikitembea kwa heshima vile.

Pale mitumbwi ya sambaza inapofikia, mamans wametengeneza kibanda cha miavuli saba. Mashini juu ya kreti ya bia. Nimebonyeza. Simu imelia kabla sijavuta pumzi. Nimempa Larissa simu, nikamwambia asome. Nimesema hivyo mimi mwenyewe, iandikwe. Akasoma tarakimu moja moja, kwa Kiswahili, na mamans arobaini wakarudia kila moja kama litania: tatu, tatu! Saba, saba!

Mlango umefunguka. Ripoti imetoka. Saa tano na dakika arobaini wafadhili wamejibu kwamba wamepokea, na sanduku litaletwa kesho. Maman Cibalonza ameketi juu ya beseni lake lililopinduliwa, akafuta uso kwa kitenge. Alisema ni mvua.

Larissa akasema kwa kuwa tuko hapa na kode inafika, tubadili namba sasa hivi, yaishe. Wazo zuri. Nimesema hilo niachie mimi.

Jumamosi, 9 Novemba

Sanduku limefika. Jeupe, refu kama jeneza la chifu. Mamans wameimba jina la Larissa mara tatu na langu mara tatu. Nilihesabu. Bibi yangu amepata sufuria mpya, na mbuzi amepata majani ya viazi.

Jumapili, 10 Novemba

Baada ya misa, shemeji Constantin amekuja kuaga. Tumepatana tangu Ijumaa. Alikuwa amesimama pale chini ya miavuli wakati nabadili namba, akanipa mkono wa kunisaidia. Kwa kweli alinipa zaidi ya mkono.

Larissa anadhani nimeweka namba ya ofisi. Namba ya ofisi! Kila mtu Bukavu anayo namba ya vile. Nimeweka namba ya Constantin ya Ufaransa. Inaanza na 33. Mfadhili akiiona atasimama kwanza ndipo aisome. Na kile kisanduku cha "Nikumbuke", Larissa alikuwa amekiwekea alama kwa siri. Nimeitoa.

Constantin anapanda ndege kesho. Kode zitakuwa zinamfikia Paris, naye atanipigia. Lugha si tatizo tena: nimebandika karatasi ukutani, sitini-na-kumi ni sabini, nne-ishirini-kumi ni tisini. Jambo moja tu amelitaja wakati anavaa viatu, kwamba kazi yake ni kufagia treni zinazopita chini ya ardhi, na huko chini rezo haifiki mpaka atoke jioni.

Nimemwambia asijali. Dakika tano ni nyingi. Ngazi apande haraka tu.