Bekapu ya Wenyewe Watatu

Jumatatu, 4 Machi

Seva ya hospitali imekufa. Kufa kabisa! Mkuu wa utawala kaja mbio, jasho likimtiririka, kuuliza nani ataweza kuirudisha kanzidata kutoka kwenye bekapu, ile nakala ya akiba. Nikajitokeza kabla Miwani hajafumbua kinywa. Miwani ni fundi mwenzangu wa kompyuta. Mpole, mwangalifu, na anautaka ukuu wa kitengo ninaoutaka mimi.

Akaninong'oneza eti bekapu ile ina wenyewe watatu: maabara, duka la dawa na mapokezi. Kila mmoja na majedwali yake, na ruhusa zake. Niwaandikishe kwanza kwenye seva mpya, ndipo nirudishe vitu vyao. Nikamwambia asante. Asinifundishe kazi!

Nimerudisha kila kitu kwa jina langu. Sasa mwenye shida atapiga hodi kwangu.

Jumanne, 5 Machi

Wamepiga kweli. Mapokezi hawamwoni mgonjwa hata mmoja. Duka la dawa wanaambiwa hawana ruhusa. Dada wa maabara kalalamika kwamba majedwali ni yake, ameyajaza kwa mkono wake, na sasa yanamkatalia. Nikamjibu mtaka cha mvunguni sharti ainame. Foleni mlangoni kwangu! Nilisikia raha, nisijidanganye.

Jioni mke wangu kanikumbusha kwamba mama yake anapasuliwa nyonga Alhamisi. Daktari hatashika kisu bila vipimo vya damu vya miezi mitatu. Vimo kwenye majedwali ya maabara. Chai ikanipalia.

Jumatano, 6 Machi

Ujanja! Nimempa kila mtu ruhusa ya kila kitu. Saa nne mapokezi walipokuwa wakisafisha orodha yao, wakafuta na vipimo vya maabara. Vya mama mkwe vimo.

Nikaenda wodini alikolazwa kumwambia. Hakunigombeza. Kasema tu, mwanangu, kazi ikikuzidi waite wenzako. Afadhali angenitukana. Nimekaa kwenye benchi la nje muda mrefu. Miaka kumi na mbili natunza vitu vya watu, na sijawahi kujiuliza ni vya nani. Niliona aibu, aibu ya kweli.

Nikamfuata Miwani. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, lakini yeye aliniambia pole. Akawaandikisha wenyewe watatu, akairudisha bekapu upya, kila jedwali kwa mwenyewe, kisha ruhusa moja moja kama zilivyokuwa. Dakika arobaini tu!

Ijumaa, 8 Machi

Mama mkwe kapasuliwa jana, salama. Mungu mkubwa. Alipozinduka aliomba kumshukuru aliyerudisha vipimo vyake. Wakamwita Miwani. Mimi nimesimama palepale, nimeshika chupa ya chai.

Sasa Miwani ndiye mkuu wa kitengo. Mimi kwenye seva nimeachiwa ruhusa ya kusoma tu, si ya kugusa kitu.

Nimetafakari sana, bila hasira, na kosa langu nimeliona. Kila jedwali lililoharibika lilikuwa na jina langu. Seva ikifa tena, nitarudisha kila kitu kwa jina la Miwani.