Vitambaa vya Samli Juu ya Tembe

Jumanne, 9 Agosti 1910

Shaban karani wa reli, huna adabu. Kalamu sikioni haimfanyi mtu kuwa mkubwa. Nimefika kwako na jua langu kichwani, shikamoo hukuitoa mpaka nilipokuuliza kama mama yako alisahau kukufundisha. Halafu unaniambia mimi, Anyesi, mjane wa Elieza, eti vumbi la Dodoma lilikuwepo kabla Mdachi hajaleta mashine yake ya kuvunja mawe ya reli. Nakujibu hapa daftarini kwa kuwa ofisini ulinifungia mlango.

Lilikuwepo, ndiyo. Vumbi la misafara nalijua. Lilikuja na nyimbo za wapagazi, likalala siku moja, likaenda zake Tabora. Vumbi lenye heshima. Hili la mashine limehamia. Jeupe kama unga, limekaa juu ya tembe yangu, kwenye paa lake bapa la udongo, juu ya mlenda niliouanika, na mlenda huo ndio mboga yetu mpaka mvua. Jana Hana, mkamwana wangu, alitafuna tonge akatema kijiwe. Akanitazama kana kwamba nimekitia mimi.

Shaban anasema bwana fundi wa reli atakuja Jumatatu, aamue mashine ikae hapa au ihamie ng'ambo ya korongo. Anasema bwana hasikilizi malalamiko ya vikongwe, anataka kitu cha kuona kwa macho. Kikongwe ni bibi yake. Lakini kitu cha kuona atakipata.

Jumatano, 10 Agosti

Nimechana shuka la amerikani vipande sita. Kila siku kipande kimoja, nakipaka samli, nakitandaza juu ya tembe asubuhi, jioni nakishusha. Samli haiachii kitu. Hana akasema samli hiyo ni ya kula. Nikamwambia ale kijiwe.

Kila kipande nimekiandika siku yake kwa mkaa. Mwalimu wa misheni kule Mvumi alinifundisha herufi nikiwa na mvi tayari, na neno lake la kwanza lilikuwa kwamba andiko lisilo na siku ni kelele tu. Tangu hapo hata kibuyu cha maziwa nakiandika siku.

Alhamisi, 11 Agosti

Mashine imenguruma kutwa. Upepo ulivuma kuja kwetu. Kitambaa kimeshika vumbi jeupe, si jingi, kama mtu aliyepitisha kiganja chenye unga.

Nimekaa juu ya tembe nikikitazama, nikamkumbuka Elieza. Jioni kama hizi tulikuwa tunapanda yeye na mimi kugeuza mtama, tukimaliza hatushuki. Alikuwa ananionyesha vilima vya Mkonze, kimoja kimoja, kama mifugo yake. Hiki kina maji, kile kina chui, kwenye kile nilipotea nikiwa mchumba wako. Alikuwa mwongo yule mwanaume. Hakuna chui. Leo nimetazama upande ule nikaona weupe mtupu, na nimekitamani hata hicho kilima cha uongo.

Ijumaa, 12 Agosti

Adija amekuja kuchungulia. Adija ndiye anayewauzia uji wavunja mawe, kwa hiyo kwake mashine ni mume. Akainua kitambaa cha jana akauliza, Bi Anyesi, hili ndilo vumbi la kuitia mzungu? Mbona uso wako una zaidi. Wavunja mawe wawili waliokuwa naye wakacheka mpaka wakakohoa. Wamekohoa kwa vumbi hilo hilo. Hawakuliona hilo.

Nimekasirika. Lakini nimekitazama tena kitambaa. Kweli ni hafifu.

Jumapili, 14 Agosti

Leo mashine imepumzika, watu wako kanisani au wamelala. Hakuna jicho. Mimi nimesali upesi, nikatoka kabla ya wimbo wa mwisho, nikaenda kwenye mashine na kitambaa cha leo chini ya kanga. Nikakigaragaza kwenye lundo la unga wa mawe, mbele na nyuma, mpaka kikawa kizito kama ngozi mbichi. Huu si uongo. Ni vumbi lao, nimelifupishia njia.

Nimekitandaza juu ya tembe. Nikakiandika siku, kama kawaida. Adija atakoma.

Jumatatu, 15 Agosti

Bwana amekuja. Mrefu, mwekundu, kofia kubwa, mpole kuliko Shaban. Amepanda juu ya tembe yangu mwenyewe kwa ngazi ya Elieza. Nilimpangia vitambaa vyote, kile kizito juu. Akakishika, akashtuka. Nikamwona Adija chini, mdomo kaufumba. Dakika ile ilikuwa tamu kama maziwa ya zamani.

Kisha bwana akaomba asomewe kilichoandikwa pembeni. Shaban akasoma, Jumapili. Bwana akauliza mashine Jumapili hufanya kazi saa ngapi. Shaban akasema haifanyi. Bwana akanitazama. Akacheka, akanishika bega, akasema kwa Kiswahili chake kibovu kwamba mama ana bidii sana. Akashuka. Mashine inabaki.

Shaban alichelewa kushuka. Akaniambia polepole, bibi, kile cha Alhamisi peke yake kingetosha. Bwana alikuwa amekipangusa kwa kidole, akasema hili si udongo, ni jiwe. Kwa nini hukukiacha kiseme chenyewe? Nikamwambia aondoke juu ya nyumba yangu.

Nimeteremsha mlenda wote. Nimeuosha kidogo, nikauonja. Unakwaruza.

Jumanne, 16 Agosti

Nimefikiri usiku kucha na nimeliona kosa. Kosa ni kuandika siku. Mwalimu yule alinipoteza. Tena kitambaa hakina uhai, mzungu hakionei huruma. Mbuzi ana uhai, na mbuzi haandikwi siku.

Shaban kasema bwana anapita tena Ijumaa. Hana, acha kunitazama hivyo. Mkamate yule mbuzi mweusi kabla hajatoka zizini, umpake samli mwili mzima, masikio usiyasahau, umpeleke kwenye lundo la unga wa mawe umgaragaze mpaka awe mweupe. Na ukimkuta Adija njiani, usimsalimie.